Daftari na Msomaji Wake: Ushairi wa Pwani katika Mikono ya Watafiti

Katika makavazi ya Goa, huko India, zimehifadhiwa barua chache za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu katika mwanzo wa karne ya 18. Zilizo kongwe miongoni mwao ni za mwaka 1711, nazo zinahusu mambo ya Kilwa Kisiwani katika zama ambazo Wareno walikuwa bado wanaikodolea macho pwani hii. Zinahesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yaliyotufikia yenyewe, wala si kwa nakala ya nakala. Mwaka 1994 Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyeishi na kufanya kazi London, alitoa pamoja na mwenzake P. J. L. Frankl uchunguzi wa ukurasa mmoja tu wa barua hizo. Ukurasa mmoja ulihitaji makala nzima. Dola ya kigeni iliitunza karatasi kwa karne karibu tatu, lakini ili maneno yake yasikike kama yalivyotamkwa Kilwa, ilibidi apatikane mtu aliyelelewa ndani ya lugha hiyo na ndani ya maandishi hayo.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo umekuwa ndio dira ya watafiti wa vyuo vikuu waliokuja pwani kwa zaidi ya miaka 100, kila mmoja na chombo cha zama zake: kalamu, mashine ya chapa, kinasa sauti, kamera ya dijitali, na hatimaye mtandao wa kompyuta. Kila chombo kilipoingia kilisifiwa kuwa ndicho kitakachouokoa ushairi wa Waswahili usipotee. Hata hivyo historia ya kazi hiyo yenyewe inaonyesha jambo ambalo usemi wa wahenga umelinyamazia, nalo ni kwamba daftari nalo hupotea, hata likiwa limefungiwa kabatini salama, iwapo hapana wa kulisoma.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kuangalia namna maandishi yenyewe yalivyokuwa. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, yaani fat-ha, kasra na dhumma, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo kasra ilibeba *i* na *e*, na dhumma ikabeba *u* na *o*. Sauti za *p*, *v*, *g* na *ch* hazimo katika alfabeti ya Kiarabu. Waandishi wengine walikopa herufi za Kiajemi, na wengine waliridhika na herufi ya jirani, *b* ikasimama mahali pa *p*, na *f* mahali pa *v*. Ama *m* na *n* zinazotangulia konsonanti nyingine, aghalabu hazikuandikwa kabisa. Matokeo yake ni kwamba neno *tembo* liliweza kuandikwa kwa herufi mbili tu, te yenye kasra na be yenye dhumma, ambazo mgeni angezisoma *tibu*. Na *tibu* nalo ni neno kamili la Kiswahili lenye maana yake.

Msomaji wa kale hakutatizika. Alihesabu mizani, akasikiliza kina, akajua beti iliyotangulia ilisema nini, na mara nyingi alikuwa ameusikia utendi huo ukighaniwa tangu utotoni. Hata kina hakikumsaidia peke yake, kwani *mambo* nayo huenda imeandikwa *mabu*, na macho matupu yasingejua kama beti inaishia kwa *-bu* au kwa *-mbo*. Hati ilikuwa ni ukumbusho kwa mtu ambaye tayari anajua nusu ya habari. Karatasi ilishika nusu ya shairi, na nusu ya pili ilikuwa katika sikio la jamii.

Mishonari William Ernest Taylor, aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1880, alilifahamu hilo mapema. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, alikuwa amefariki mwaka 1840, na tungo zake zilikuwa zimesambaa vinywani mwa wazee wa Mombasa. Taylor hakuweza kuzikusanya kwa juhudi zake mwenyewe. Aliyezikusanya, akaziandika kwa herufi za Kiarabu na kumweleza maana zake, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Karatasi hizo zikasafiri hadi London na kuwekwa katika chuo kilichokuja kujulikana kwa jina la SOAS, na mwaka 1940 William Hichens alizichapisha Johannesburg kwa jina la *Diwani ya Muyaka*. Kila anayemsoma Muyaka leo, awe Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, anasoma alichokisikia na kukikubali Mwalimu Sikujua. Katika orodha za maktaba, hata hivyo, karatasi hizo zimejulikana miaka yote kuwa ni mkusanyo wa Taylor.

Habari hiyo ilijirudia Lamu katika kizazi kilichofuata. Alice Werner, aliyekuja kuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo hicho cha London, alifika pwani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hichens aliandikiana barua na watu wa Lamu kwa miaka mingi. Mjerumani Ernst Dammann aliishi huko na mkewe Ruth katika miaka ya 1936 na 1937, na mwaka 1940 akachapisha mkusanyo wa tungo za Kiamu. Wote watatu waliegemea mkono wa mtu mmoja, Muhamadi bin Abubakari Kijumwa, aliyeishi kati ya mwaka 1855 na 1945. Kijumwa alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji wa milango na fundi wa muziki. Sehemu kubwa ya tendi za Lamu zilizomo katika maktaba za Uingereza na Ujerumani zimeandikwa kwa mkono wake, kwa ombi na kwa malipo ya wageni hao.

Kazi yake haikuwa kunakili tu. Kuchagua ni nakala ipi ifuatwe, ni beti ipi iingie na ipi iachwe, ni neno gani lifafanuliwe pembeni, yote hayo ni kazi ya mhariri. Lakini ilichukua muda mrefu kabla Kijumwa hajahesabiwa hivyo. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha London kilipokea tasnifu ya Abou Egl juu ya maisha na kazi zake, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima chenye jina lake juu ya jalada. Ilipita miaka 65 tangu kufariki kwake hadi mwandishi wa hati akawa ndiye kichwa cha habari.

Wakati hati zikihama kwenda ng'ambo, pwani yenyewe ilikuwa ikibadilishwa namna ya kusoma. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na Askofu Steere aliendeleza njia hiyo Unguja kwa mashine yake ya chapa. Serikali za kikoloni zikazifanya herufi hizo kuwa za shule na ofisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia tahajia na vitabu. Faida za hatua hiyo hazikanushiki, kwani irabu tano zilipata alama tano, na mtoto wa bara aliweza kujifunza kusoma kwa muda mfupi. Lakini kwa mtoto wa Lamu, Pate au Pemba, mlango mmoja ulifunguliwa na mwingine ukafungwa. Alisoma magazeti na vitabu vya shule, na sanduku la karatasi za babu yake likawa fumbo. Hakuna aliyelichoma moto sanduku hilo wala aliyelipiga marufuku. Lilibaki pale pale, na aliyekosekana ni msomaji.

Baada ya uhuru, utafiti ulipata makao mapya ndani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1964 ilianzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika chuo cha Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2009 ni sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. J. W. T. Allen, aliyefanya kazi huko, alizunguka pwani akikusanya hati kwa ajili ya maktaba ya chuo hicho, na mwaka 1970 ilichapishwa orodha yake. Jina la orodha hiyo lina neno ambalo lisingeonekana katika orodha za kina Taylor: pamoja na hati za Kiswahili na Kiarabu, limetaja kanda. Kwa mara ya kwanza mkusanyo mkubwa wa ushairi wa Kiswahili uliweka sauti bega kwa bega na karatasi.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Utendi haukutungwa ili usomwe kimya kimya na mtu mmoja aliyeketi mbele ya meza. Una mahadhi yake, na mghani hujua wapi avute irabu, wapi apumue, na wapi aache kituo cha mshororo wa nne kitue juu ya wasikilizaji. Kanda ilirudisha ile nusu ya shairi ambayo hati haikuweza kuishika. Lakini nayo ina udhaifu wake. Karatasi nzuri iliyohifadhiwa vizuri husomeka baada ya miaka 200 bila ya kuhitaji kitu zaidi ya mwanga na macho, na kanda huhitaji mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake, fundi wa kuitengeneza inapoharibika, na hewa isiyo na joto kali wala chumvi, mambo ambayo hayapatikani kwa urahisi pwani. Chombo kipya kilileta sauti, na kikaleta pia utegemezi mpya.

Watu wa pwani, kwa upande wao, hawakungoja vyuo vikuu viwaonyeshe matumizi ya vyombo hivyo. Redio na kaseti zilipoenea, washairi walizifanya kuwa barza ya pili. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1952 na anayejulikana zaidi kwa jina la Mahmoud Mau, alitunga tungo za mawaidha zilizosambaa kwa kaseti kutoka nyumba hadi nyumba, zikisomwa kwa mahadhi. Madaftari yake ameyaandika kwa herufi za Kiarabu. Simu za mkononi zilipokuja, washairi wa Lamu na Mombasa waliendelea kujibizana kwa sauti zilizorekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp, kama walivyokuwa wakijibizana kwa barua. Mwaka 2023 Annachiara Raia na Clarissa Vierke walichapisha kitabu juu ya ushairi wake, na ndani yake malenga huyo ni mshiriki wa kazi, si mtoa habari aliyetajwa kwa shukrani katika dibaji. Naye marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alivipa vyombo vipya majina yenye mizizi ya Kiswahili. *Runinga*, ambalo leo husikika kila siku katika habari za Kenya, ni neno lake. Alionyesha kwamba lugha inaweza kuipokea mashine ngeni kwa heshima bila ya kulazimika kuazima jina lake.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii ilikuja zamu ya kompyuta. Huko SOAS, mradi ulioongozwa na Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar, uliziorodhesha upya hati za Kiswahili zilizokusanywa na Taylor, Werner, Hichens, Whiteley, Knappert na wengineo, na orodha ikawekwa katika mtandao wa intaneti ili mtu yeyote aitafute. Waliofanya kazi hiyo hawakuweza kuikamilisha kwa kompyuta peke yake. Aliyezifungua hati ngumu, akazisoma na kuzieleza, ni yule yule Sheikh Yahya Ali Omar, aliyefariki mwaka 2008. Kati ya Mwalimu Sikujua na Sheikh Yahya imepita zaidi ya karne moja, na kila chombo kilichokuwapo kilibadilika. Nafasi ya mwanachuoni wa Mombasa aliyeketi mbele ya karatasi haikubadilika.

Miaka michache baadaye ilifuata njia nyingine iliyo bora zaidi kwa jambo moja. Katika mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mtafiti wa Norway, Anne Bang, alishirikiana na wenyeji kupiga picha za dijitali za hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, uliojengwa na Habib Saleh aliyezaliwa Ngazija. Hati hizo, nyingi zikiwa za Kiarabu, hazikuchukuliwa. Picha ndizo zilizosafiri, na karatasi zikabaki Riyadha, mahali zilipotumika. Taylor na Hichens hawakuwa na chombo cha kuwawezesha kufanya hivyo. Haki ya chombo hiki cha zama zetu ni kukiri kwamba kimeondoa ule ulazima wa kale wa kuhamisha ili kuhifadhi.

Hata hivyo si sahihi kudhani kwamba kilichopigwa picha kimekwisha salimika. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, mitandao yake ikazimika, na hati zake nyingi za dijitali, zilizotoka pembe zote za dunia, hazikupatikana kwa miezi mingi. Katika kipindi hicho, karatasi iliyokuwa sandukuni Lamu ilikuwa ni salama zaidi kuliko picha yake iliyokuwa London. Tukio hilo halipunguzi thamani ya kazi iliyofanywa, lakini linakumbusha kwamba mashine nazo zina mchwa wao.

Liko na tatizo jingine, la kimya zaidi. Orodha ya London na ile ya Dar es Salaam zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Siu anayetafuta utendi wa mjini kwao hulazimika kupitia lugha ya tatu ili aujue ulipo, na akishaufikia, picha inayomtokea kwenye kioo ni ile ile iliyomshinda katika sanduku la babu yake. Kwa mwenye kusoma herufi za Kirumi peke yake, *tembo* na *tibu* zote ni mistari na nukta. Picha imerudi nyumbani na shairi halijarudi.

Kuna mfano mmoja kutoka visiwani unaoonyesha namna shairi linavyorudi. Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walijulikana kwa miaka mingi kwa majina zaidi kuliko kwa tungo. Waliozitafuta tungo zao ni Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, na mhariri wa kazi yao ni mshairi Abdilatif Abdalla. Kitabu chao, *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2011. Watafiti ni watu wa pwani, na mhariri ni mtunzi anayezijua bahari za ushairi kwa kuziishi. Maelezo ni ya Kiswahili, na msomaji aliyekusudiwa ni Mswahili. Kamera ilikuwapo na kompyuta ilikuwapo, lakini hazikuwa ndizo zilizoamua. Kilichoamua ni kwamba wakusanyaji walijua neno walilokuwa wakilisoma.

Siku hizi inasemwa kwamba kompyuta yenyewe itafundishwa kuzisoma hati za kale, na mtu hatahitajika tena. Yafaa kuangalia namna inavyofundishwa. Mashine hupewa maelfu ya mistari ambayo tayari imesomwa na binadamu na kuandikwa kwa usahihi, ikalinganisha picha na matini mpaka izoee. Ikipewa hati ambamo *m* haikuandikwa na irabu mbili zinashirikiana alama moja, haitakuwa na pa kuegemea isipokuwa kile ilichofundishwa na mtu aliyejua kwamba mahali hapa mshairi alisema *tembo*. Kwa maneno mengine, mashine nayo inamhitaji Mwalimu Sikujua wake. Kila mwaka unaopita wenye ujuzi huo wanapungua, na ujuzi ukishakatika hautafufuliwa na chombo chochote, kwa kuwa hakutakuwa na wa kukiambia chombo hicho kwamba kimekosea.

Lakini hali si ya kukatisha tamaa kama inavyoonekana kutoka mbali. Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, watoto kwa maelfu huamka asubuhi kwenda chuoni kujifunza Kurani. Wanazijua herufi zote, wanazijua fat-ha, kasra na dhumma, na wengi wao husoma kwa ufasaha kabla hawajafika miaka kumi. Jioni hurudi nyumbani wakizungumza lugha ile ile ambayo Mwana Kupona aliitungia mnamo mwaka 1858 na Muyaka alitambia nayo barazani Mvita. Herufi wanazo na lugha wanayo. Kisichofundishwa ni somo dogo linalounganisha viwili hivyo: kwamba herufi hizi ziliwahi kuandika Kiswahili, kwamba kasra huweza kuwa *e*, kwamba *m* mara nyingine imefichwa, na kwamba mizani na maana ndizo zitakazoifichua.

Somo hilo halihitaji maabara wala fedha nyingi. Linahitaji mwalimu anayelijua, utendi mmoja uliochapwa kwa khati zote mbili ukabili kwa ukabili, na saa chache za juma. Vyuo vikuu vimetumia zaidi ya karne kukusanya hati, na sasa vinazirudisha kwa picha. Nusu iliyobaki ya kazi haiko London wala Hamburg. Ipo kwenye majamvi ya vyuo vya pwani, ambako wapo watoto wanaoweza kuisoma karatasi ya babu zao iwapo atatokea mtu wa kuwaambia kwamba ni yao.